Pasi ya Pilipili Tano

Alhamisi saa kumi alasiri Ebla hakuwa mtu wa kuulizwa maziwa. Ungemkuta nje ya duka la Hared, kibuyu chake kimekaa kivulini, mtandio kauvuta mpaka kwenye paji la uso, sikio kalitega dirishani ilipokuwa redio. Mteja akija na kikombe chake alionyeshwa kidole: ngoja. Kama hawezi kungoja, aende kwa wauza maziwa wengine, si wako tele? Nusu saa hiyo ilikuwa ya Pilipili Tano.

Hao Pilipili Tano walikuwa vijana watano wa Nairobi waliopiga muziki wa roki kwa magitaa ya umeme. Wazee wa Garissa waliwaona wehu. Wakipita dukani walimwambia Hared azime makelele hayo, na Hared, aliyependa wateja kuliko muziki, alipunguza sauti kisha akaipandisha wakishapita, maana Ebla alikuwa anamtazama. Mwanamke wa miaka arobaini kasoro, mke wa mtu, mama wa binti anayekaribia kuolewa, anasimama juani kusikiliza wavulana wa bara. Jamani, alisemwa. Alisemwa kisimani, alisemwa kwenye foleni ya kuhesabiwa, na mwenyewe alijua anasemwa.

Lakini nani alimwuliza anasikia nini humo? Vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga, vilikuwa vimeingia mwaka wa nne, na kwa mwaka mzima sasa familia yake ilikuwa ndani ya seng'enge. Serikali iliwatoa wafugaji porini ikawaweka katika vijiji vya kulindwa kando ya mji. Asubuhi unahesabiwa, jioni unahesabiwa, ukitaka kuchunga unaomba ruhusa, ukitaka kuzika unaomba ruhusa. Gitaa la Pilipili Tano halikuomba ruhusa. Lilianza tu, kwa nguvu, likaenda lilikotaka. Siku Ebla alipolisikia mara ya kwanza alisahau kukifunika kibuyu, nzi wakaingia, maziwa yote yakamwagwa. Tangu siku hiyo alilipenda waziwazi, wala hakumficha mtu.

Alhamisi hiyo mtangazaji alisema mengi kwa Kiswahili cha haraka. Ebla alishika maneno mawili matatu, akaingia ndani kumwuliza Hared. Hared akamweleza kwa Kisomali huku anapima sukari. Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri, Pilipili Tano watapiga katika ukumbi mmoja wa Nairobi kwa mara ya mwisho. Jumapili wanapanda ndege kwenda Ulaya, na hawajui kama watarudi.

"Huo ukumbi, wanawake wanaingia?" Ebla akauliza.

Hared alidhani anatania. "Ukiwa na shilingi tano hata ngamia anaingia."

"Basi nakwenda," akasema Ebla, akabeba kibuyu chake.

 

Mumewe, Nunow, alikuwa amelala chali juu ya mkeka, kama alivyolala jana na juzi. Kabla ya kuletwa kijijini alikuwa na ngamia arobaini na wawili. Wengine walikufa kwa kiu, wengine walipigwa risasi wakipita pasiporuhusiwa, na waliobaki hakujua waliko. Tangu hapo Nunow aliacha kusema na mtu yeyote aliyevaa sare. Jina lake likiitwa wakati wa kuhesabiwa aliinua mkono na kutazama chini, basi. Askari mwanzoni walimkemea, mwishowe wakamzoea. Nyumba iliendeshwa na mbuzi sita wa Ebla.

Ebla alimweleza yote bila kuzunguka. Nunow akainuka akakaa.

"Kwa ajili ya gitaa?"

"Kwa ajili ya gitaa."

"Ebla, watu wanauawa."

"Wanauawa nikiwa hapa pia."

Nunow akasema, watu watasemaje? Ebla akamjibu kwamba wameshasema, tena mbele yake, na wakichoka watapumzika waanze upya. Nunow akasema mwanamke hasafiri peke yake. Ebla akamjibu kwamba dereva wa lori, Korane, ni mtoto wa mjomba wake, na Nairobi atafikia mtaa wa Islii kwa Jelle, mwana wa mama yake mdogo. Akasema nauli. Ebla akamwonyesha pindo la nguo alipofunga fundo, fedha za maziwa, zake mwenyewe. Rahmo, binti yao wa miaka kumi na minne, alikuwa mlangoni anaosha vibuyu, akasema kabla hajaulizwa kwamba kukamua na kuuza ataweza. Nunow akamtazama binti, akamtazama mke, akaona amezingirwa.

"Tangu unioe nimekuomba nini?" Ebla akamwuliza. "Taja kimoja."

Nunow alifikiri kwa kweli, wala hakupata. Kwa hiyo akafanya ujanja wa mtu aliyeishiwa na hoja, akaiachia serikali ikatae kwa niaba yake. Siku zile Msomali hakuvuka daraja la Tana bila pasi, na pasi hazikuwa zikitolewa ovyo.

"Nenda kaombe," akasema. "Wakikupa wao, nimekupa na mimi. Hilo ni neno langu."

Akajilaza tena, moyo umetulia.

 

Siku ya kwanza Ebla hakufika hata kwenye dirisha la karani wa pasi. Askari wa mlangoni alikuwa mgeni, hana wiki mbili tangu atoke bara. Ebla akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mimi nataka basi ya kwenda Nairobi." Kisomali hakina sauti ya p, na wengi wa kwao wakiifikia huangukia kwenye b, kama v wanavyoifanya f. Askari akamweleza kwa upole kwamba basi haliji hapa, mama, tena tangu vita vianze hakuna basi la kwenda popote. Ebla akamwambia si basi ya magurudumu, ni basi ya karatasi. Askari akaona huyu anamchezea, akamfukuza. Foleni nzima ilicheka. Ebla akarudi nyumbani akijisemea njia nzima, pasi, basi, pasi, basi, bila kujua lipi ndilo linalomtoka.

Siku ya pili karani alikwenda kula, akarudi saa ya kufunga. Lakini kwenye foleni kulikuwa na Adow, mzee mmoja aliyeishi kwa kuwashauri wenye shida, na Adow akamwambia dawa ni kusema anaumwa. Aseme tumbo. Nani anaweza kulipima tumbo la mtu? Ebla akakataa. Kaka yake alisema tumbo mwaka uliopita. Kwenye kizuizi cha barabarani wakampeleka kwa daktari wa jeshi, akaonekana mzima, na mtu mzima mwenye pasi ya mgonjwa ni nani kama si mjumbe wa shifta? Alikaa ndani miezi mitano, akatoka jicho la kushoto halioni vizuri.

"Mimi nitasema ukweli," Ebla akamwambia. "Wakiupima wataukuta."

"Huo wa wavulana na magitaa?" Adow akasikitika. "Huo ndio utakaokufunga, dada yangu."

Siku ya tatu karani alikuwapo. Alikuwa mtu wa bara aliyekaa Garissa miaka mitatu, na jambo aliloringia kuliko yote ni kwamba Kiswahili cha Wasomali anakielewa kushinda wenyewe. Hakumwuliza mtu neno mara mbili. Ukisema bosta anaandika posta, ukisema fiatu anaandika viatu, na kalamu haisimami.

"Safari ya nini?"

"Nakwenda kuona Bilibili Tano."

Kalamu ikasimama kidogo. Bilibili ni pilipili, hilo halina tabu. Lakini nani anakwenda Nairobi kuona pilipili? Karani akaamua kwamba mama huyu amechanganya kuona na kununua, kama kawaida yao. Na hizo tano ni magunia, kwa kuwa hakuna mwenye akili atakayesafiri maili mia mbili na zaidi kwa pilipili tano za mkononi.

"Ni mambo ya biashara?" akauliza, ili awe na hakika.

Ebla akafikiria zile shilingi tano za mlangoni. "Ndio. Kila mtu lazima lipa."

Karani akauliza Nairobi ana nani, akaandika jina la Jelle, akapiga mhuri. Alimpa siku nane, Jumanne mpaka Jumanne, maana muuza pilipili hana neno na usalama. Ebla alitoka ameishika karatasi kwa mikono miwili. Alikuwa amesema ukweli mtupu na serikali imeukubali. Furaha ilimjaa hata akamtafuta Adow kwenye foleni amwonyeshe, asimwone.

Nyumbani aliikabidhi karatasi kwa mumewe. Nunow alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za Kizungu hakuzijua, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwuliza. Angesema hajui, mbele ya binti yake? Akaishika karatasi, akapitisha macho kutoka kulia kwenda kushoto, mstari baada ya mstari, midomo inacheza.

"Wameandika yote," akasema. "Ni sawa."

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Lakini neno alikuwa ameshalitoa, na Nunow hakuwa mtu wa kulirudisha. Jioni ile akavua koti lake akampa, kwa kuwa alisikia Nairobi kuna baridi.

 

Msafara uliondoka Jumanne, malori tisa, mbele gari la askari na nyuma gari la askari. Korane alimkalisha Ebla mbele, karibu yake. Darajani walitazama mhuri tu wakawapungia mkono wapite. Lakini kizuizi cha pili, kule Ukambani, kilikuwa na koplo aliyependa kusoma.

"Magunia matano ya pilipili," akasoma kwa sauti. "Haya mama. Fedha ziko wapi?"

Ebla hakuelewa gunia limetoka wapi. Alielewa fedha, akafungua fundo. Koplo akazitazama zile shilingi chache, akamtazama yeye.

"Hizi hazinunui gunia hata moja."

"Mimi hanunui bilibili," Ebla akasema. "Nakwenda kuona Bilibili Tano. Wanaimba."

"Pilipili zinaimba."

"Ndio. Na gitaa."

Askari walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Koplo hakucheka. Mwanamke wa Kisomali, pasi inasema hivi na mdomo unasema vile. Alikuwa amefundishwa kozi nzima juu ya watu wa namna hiyo. Korane akashuka, akasimama nyuma ya koplo, akamwambia Ebla kwa Kisomali, polepole, akubali tu hizo pilipili. Aseme fedha anazo Jelle kule Nairobi, wapite, waende zao.

Ebla aliyafikiria maneno hayo. Tusimsingizie utakatifu, aliyafikiria sana. Lakini leo akisema uongo hapa, kesho itabidi aseme mwingine, na keshokutwa mwingine wa kuushika ule wa kwanza, na Kiswahili alichokuwa nacho kilikuwa kidogo, kilitosha ukweli tu.

"Sikiliza redio," akamwambia koplo. "Alhamisi, saa kumi. Uliza mtu."

"Mimi sina redio. Kama wanaimba, imba."

Ebla aliona haya. Palikuwa na wanaume thelathini hapo, askari, wapagazi, madereva wanaomjua mumewe. Mwanamke mwenye heshima zake kwao huimba harusini, tena kati ya wanawake wenzake. Angekataa, hakuna ambaye angemlaumu. Akauvuta mtandio, akakaza macho kwenye gurudumu la lori, akaimba.

"Biga biga, Betro, mlango wa bembeni,
biga biga, Betro, baba yuko ndani."

Aliimba beti zote, na pale ambapo gitaa humjibu mwimbaji, alijibu yeye kwa mdomo. Hakuna aliyecheka. Madereva wawili watatu walimpa kisogo kwa kumwonea haya, na hilo lilimwuma kuliko kicheko cha askari. Alipomaliza, koplo akasema wimbo si ushahidi, kila mtu anaweza kuimba, akamwamuru ashushe kifurushi chake. Korane alisihi, akaambiwa achague, aendeshe lori au abaki naye. Msafara ukaondoka.

Alikaa kwenye kibanda cha mabati tangu Jumanne mpaka Ijumaa. Chakula alipewa, maji alipewa, na kila alipoona sare inapita aliuliza leo ni siku gani. Koplo aliuliza Garissa kwa simu ya upepo, nalo swali likamfikia karani yuleyule. Karani, ambaye katika miaka mitatu hakuwahi kukosea neno la Msomali, alikasirika. Akajibu kwamba pasi ni sahihi kabisa, magunia matano, biashara, na kama mama anasema vingine basi huko hawajui kumsikiliza. Ndivyo ilivyokuwa. Ukweli wa Ebla ulimweka ndani siku tatu, kosa la karani likamtoa.

Lakini koplo hakukubali kushindwa hivihivi. Alichukua kalamu akaifuta tarehe ya kurudi, akaandika nyingine na kutia sahihi.

"Kununua pilipili ni kazi ya asubuhi moja," akasema. "Msafara wa kurudi unaondoka Nairobi kesho Jumamosi. Uwe ndani yake. Ukiukosa, ni kosa la kufungwa, na mimi nitakuwa hapahapa."

"Saa ngabi?" Ebla akauliza.

"Saa nne asubuhi."

Ebla akahesabu kwa vidole ndani ya mtandio. Kutoka saa nne mpaka saa tisa kulikuwa na saa tano.

 

Jelle alikuwa na bucha Islii. Alimpokea Ijumaa jioni, aliposhuka kwenye lori lililompakia kizuizini, kwa chai na maswali ya nyumbani, kisha akaomba aione hiyo pasi, akamsomea neno kwa neno. Hapo ndipo Ebla alipojua kwamba Nunow hakusoma kitu. Alidhani atakasirika. Badala yake alimwona amekaa mkekani, midomo inacheza, akamhurumia.

"Sasa haya ya koplo ndiyo mabaya," Jelle akasema. "Kesho saa nne, dada. Nitakupeleka mwenyewe mpaka kwenye lori."

"Sipandi."

"Utafungwa."

"Siku ngapi?"

"Mimi nitajuaje? Wiki mbili. Mwezi. Ebla, ni wavulana watano na magitaa. Nitakununulia redio, wallahi, yako mwenyewe, uwasikilize mpaka uchoke."

"Jelle, mwaka mzima nimefungwa na sikuona kitu. Safari hii nitafungwa nimeona."

Jelle aliongea nusu saa nzima. Alitaja ukoo, akamtaja Rahmo na posa zitakazosita kuja, akamtaja marehemu mama yake Ebla, ambaye kwa kweli hakuhusika. Ebla alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza huo ukumbi uko mbali kiasi gani.

Asubuhi alikaa kwenye kigoda ndani ya bucha, miguu pamoja, mikono mapajani. Saa ya ukutani ilipofika saa tatu na nusu Jelle alimtazama. Ilipofika saa nne kasoro dakika tano Jelle aliweka kisu chini. Ebla hakuinuka. Alikuwa anaogopa, akaikalia mikono yake. Saa nne ikagonga, ikapita, na wateja wakaendelea kununua nyama. Saa nne na robo aliomba maji ya kunywa, akanywa kikombe kizima.

Jelle alimsindikiza ukumbini akiwa hatua kumi mbele, ili isidhaniwe kwamba wako pamoja. Vijana walikuwa wamejaa barabarani, suruali za kubana, nywele zimechanwa juu. Mkata tiketi alimwona Ebla na mtandio wake na koti la kiume, akamwambia kazi ya kufagia ni Jumatatu, aje na barua. Waliokuwa nyuma wakacheka. Jelle, aliyejifanya hamjui, akageuka kwa hasira, ngumi imekunjwa. Ebla hakumhitaji. Akafungua fundo, akapanga shilingi mezani, moja, mbili, mpaka tano.

"Mimi nakuja kuona Bilibili Tano."

"Pilipili," mkata tiketi akamsahihisha.

"Hao hao."

Akakatiwa tiketi, akaingia.

 

Jumanne, msafara mwingine ulipofika kizuizini, koplo alikuwa palepale kama alivyoahidi. Alilipekua lori la Korane mpaka chini ya viti, kisha akasimama mbele ya Ebla.

"Pilipili ziko wapi?"

"Wamebanda ndege," Ebla akasema. "Wamekwenda Ulaya."

Safari hii hata askari hawakucheka. Koplo akaifungua pasi, akaweka kidole kwenye tarehe aliyoiandika mwenyewe, akamwuliza kama alijua ni Jumamosi. Ebla akasema alijua. Akamwuliza kama alijua atafungwa. Akasema hilo pia alijua, wewe si ulisema? Koplo akaikunja pasi. Aliandika ripoti yake, na kesho yake Ebla akahukumiwa wiki mbili katika korokoro ya Garissa.

Wafungwa waliruhusiwa kuonwa alasiri, robo saa, katikati pana seng'enge. Siku ya kwanza alikuja Rahmo na maziwa. Akasema mbuzi hawajambo, na kijiji kizima kinajua habari ya kuimba kizuizini, madereva wameieneza, na wanawake kisimani hawana habari nyingine. Ebla akamwuliza baba yake. Rahmo akatazama pembeni. Baba anaumwa mgongo, akasema. Ebla hakumsumbua zaidi, maana uwanja ule ulijaa sare, na alijua mumewe hapiti kwenye sare. Hata hivyo usiku alilia kidogo. Siku ya pili akaja Rahmo tena.

Siku ya tatu akaja Nunow. Alipita kati ya askari macho yakiwa chini, akafika kwenye seng'enge, akasimama. Robo saa ilikuwa inakwenda.

"Ile karatasi," akasema mwishowe. "Sikuisoma. Siwezi."

"Najua."

"Umekaa ndani siku tatu kwa sababu yangu."

"Kwa sababu ya karani. Wewe ulitimiza neno lako."

Nunow akapangusa uso kwa kiganja. Wanaume wa kijiji walikuwa wamemwambia mengi wiki hiyo, na mengine hayasemeki mbele ya mke. Ebla alijiandaa kuyasikia. Alikuwa tayari kwa talaka pia, na alikuwa ameshaamua kwamba hata hiyo ikija hatasema amejuta.

"Haya, nieleze," Nunow akasema.

"Nikueleze nini?"

"Hao watu wako. Umekwenda kule kote, umefungwa mara mbili, na mimi nikiulizwa walikuwaje sina la kujibu. Anzia mlangoni."

Ebla akaanzia mlangoni. Alisimulia kwa Kisomali, kwa haraka, mdomo karibu na waya. Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko soko la mifugo na watu wote walikuwa watoto. Msichana mmoja mwenye gauni fupi alimsogezea kiti, akamwita mama. Hao watano ni wembamba, hawajala vizuri, na yule anayeimba ni mfupi, tena siku hiyo alikuwa na mafua, kila akimaliza ubeti anajifuta pua kwa tai. Redioni ungedhani ni jitu. Gitaa limefungwa kwa waya kwenye sanduku, na sanduku ndilo linalopiga kelele, na kelele yenyewe haiingii masikioni, inaingilia miguuni, inapanda, mpaka meno yanacheza. Msichana wa gauni fupi alipiga vigelegele hadi kiatu kikamtoka.

"Na wewe?"

"Mimi nilikaa. Nilikaa nyimbo zote, nimejishika hivi. Kisha yule mwenye mafua akasema, huu ndio wa mwisho. Ikawa Petro."

"Ule uliouimba kizuizini."

"Ule. Sasa sikiliza. Gitaa linaanza peke yake, unalijua, lile la redioni. Wengine wote wamesimama tu, hawagusi kitu. Linakwenda, linakwenda, na yule wa ngoma ameinua kijiti juu, hakishushi. Watu wote wamenyamaza. Nikajiona nimesimama, Nunow, sijui nilisimama saa ngapi. Kijiti kiko juu, bado hakishushi, na mimi..."

"Muda umekwisha," akasema askari nyuma yao. Akagonga nguzo kwa rungu. "Haya mzee, toka."

Wageni wengine wakaanza kuondoka. Ebla akafunga mdomo, akarudi nyuma hatua moja, kama walivyofundishwa. Nunow hakuondoka. Askari yule alikuwa amemhesabu asubuhi na jioni kwa mwaka mzima na hakuwahi kuisikia sauti yake, na sasa mzee alikuwa amegeuka anamtazama usoni.

"Afande, ngoja," Nunow akasema kwa Kiswahili. "Ngoma bado haijaingia."

Askari akalishika rungu, akatazama saa yake, akawatazama wote wawili. Nunow alikuwa ameshamgeukia mkewe.

"Kijiti kiko juu," akamwambia. "Endelea."